Mstari Mmoja Katika Daftari la Majani

Watu wa Dodoma waliniita karani wa majani, na hawakuniita hivyo kwa heshima. Karani wa stesheni aliandika mizigo, karani wa boma aliandika kesi za watu, mimi niliandika majani. Nikipita na mbao zangu za kubania majani begani pale panapoitwa Majengo siku hizi, wakati ule pakiwa na vibanda tu na duka la Mhindi mmoja, vijana wa pwani waliokuja na kazi ya reli waliniuliza kama mbuzi wangu wameshiba. Niliwatukana, wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na nguvu zangu, nilikuwa na mke nimpendaye, na nilikuwa na kazi isiyonitaka nibebe chuma juani. Mtu wa namna hiyo ana haki gani ya kununa?

Bwana wangu alikuwa Mjerumani aliyetumwa na wakubwa wake kukusanya kila mmea uotao wenyewe katika nchi hii. Mahindi hakuyataka, mtama hakuutaka, mnazi aliupita kama hakuuona. Lakini jani la porini ambalo hata mbuzi hulikataa, hilo atalipigia magoti na kulitazama kwa kioo chake mpaka chakula kipoe mezani. Tulimwita Bwana Majani. Ukimlinganisha na Wajerumani wengine alikuwa mpole, maana yake aliadhibu mara chache na alijuta baadaye. Mpishi wake alipofungua sanduku la chupa bila ruhusa, Bwana Majani alimpeleka bomani akachapwa viboko hamsa wa ishirini, kisha siku ile ile akamtumia mafuta ya kupaka mgongoni. Mpishi aliyapaka mafuta na akaendelea kupika. Sisi wengine tulikuwa tumeuona ule mgongo.

Kazi yenyewe nilijifunza kwetu, Mrima. Miaka miwili tulizunguka vijiji vya pwani, vichaka vya nyuma ya mikoko, mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori. Unachimba mmea na mizizi yake, uwe na ua ukiweza, na tunda ukilipata. Unaulaza kati ya karatasi za kunyonya maji, majani yasikunjane, unabana kwa mbao mbili na kamba, na kila siku unabadili karatasi mpaka mmea ukauke huku bado una sura yake. Kisha unaandikiwa kikaratasi: umeota wapi, udongo gani, wenyeji wanauitaje, wanautumia kwa nini. Bwana Majani aliandika Kijerumani chake na jina la kitabuni, na mimi, kwa kuwa nilisoma shule ya serikali na mwandiko wangu ulisifiwa, niliandika maneno ya wenyeji. Yote yaliingia pia katika daftari kubwa, kila mmea na namba yake. Nilijivunia lile daftari kuliko nilivyostahili.

Mmoja wa mimea hiyo ulitoka nyuma ya nyumba ya bibi yake mke wangu. Jina lake sitaliandika hapa. Nimeliandika mara moja maishani na inatosha. Nitauita mti wa bibi, ingawa ulikuwa kichaka tu cha kunifika kiunoni. Bibi alikuwa mkunga, na huo ndio uliokuwa dawa yake ya kushika mimba: mzizi unachemshwa, mwanamke anakunywa kikombe kila asubuhi tangu mwezi wa pili mpaka tumbo litulie. Nusu ya watoto wa kijiji kile walizaliwa kwa mzizi ule, au ndivyo mama zao walivyoamini. Mke wangu alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, zote akiwa kwa wazazi wangu, mbali na bibi. Ya tatu, bibi alisema, hiyo niachieni mimi na mti wangu.

Lakini alikuwa na masharti yake, na hata jumbe asingeyavunja. Mzizi hauchimbwi ukawekwa akiba. Unachimbwa tumbo likiwapo, anatajwa mwenye tumbo kwa jina lake na la mama yake, na pesa moja inaachwa shimoni. Mzizi uliochimbwa bila tumbo, alisema, ni kuni kama kuni nyingine. Siku nilipokwenda na jembe dogo la Bwana Majani, bibi alinisimamia, mikono kiunoni.

“Unamchimbia nani?” aliniuliza.

“Naichimbia karatasi, bibi.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi karatasi na ijifungue salama, akaniacha nichukue kichaka kimoja kizima, na mizizi yake yote. Niliacha pesa shimoni kwa adabu tu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama alivyomwita siku zote, akamwambia na wewe zamu yako itakuja.

Haikuja pale. Bwana Majani aliamriwa aende bara, reli ikiwa imekwisha kupita Dodoma, na mimi nikaambiwa nifuatane naye na mke wangu nikipenda. Siku tuliyopanda gari la moshi mke wangu hakuwa na mimba, kwa hiyo hakuwa na mzizi. Ningeuomba, bibi asingetoa. Lakini sikuuomba, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikujaribu hata kuomba.

Tulipewa nyumba ya tembe upande wa Makole, ya udongo mpaka juu, chumba kimoja chetu na kikubwa cha pili cha masanduku. Ile mimea ya pwani ilikuwa imekuja nasi yote, kwa sababu vikaratasi vyake vilikuwa bado havijanakiliwa vizuri, na bila hivyo haiwezi kupelekwa Ulaya. Mke wangu alilia wiki mbili. Alililia samaki, alililia nazi, aliulilia upepo wenye unyevu, maana upepo wa Dodoma ulimpasua midomo. Maji yalikuwa ya chumvi, na alisema ni ajabu, chumvi ya bahari imetufuata lakini bahari yenyewe imebaki. Jirani yetu alikuwa mama wa Kigogo, mjane mwenye ng'ombe wachache, aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kigogo chetu hakikuwapo kabisa. Asubuhi alisimama mlangoni akasema mbukwenyi, salamu ya kwao, mke wangu akamjibu, na baada ya hapo walielewana kwa mikono. Yule mama ndiye aliyemnyamazisha. Alimfundisha kukausha mboga za porini na kupika mlenda, akamcheka jinsi alivyokuwa akiuvuta na kidole, na siku moja nikarudi nikamkuta mke wangu naye anacheka.

Adui zetu Dodoma walikuwa mchwa. Pwani tulipigana na ukungu, huku mchwa. Waliingia kwenye furushi moja wakala mimea minane na vikaratasi vyake, wakaacha kamba. Bwana Majani alikasirika mpaka akawa mwekundu shingoni. Akatoa dawa nyeupe iliyofungwa kwenye chupa yenye picha ya fuvu, akaiyeyusha katika spiriti, akanipa brashi. Kila mmea upakwe dawa, majani, shina na mizizi. Kila karatasi iliyopakwa iwekwe msalaba mdogo kwa penseli nyekundu kwenye pembe. Na daftarini, kwenye safu ya dawa, kila namba iwekwe alama yake.

Kwamba ilikuwa sumu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Karatasi moja ilipeperushwa na upepo ikaangukia zizini kwa yule mama. Mbuzi wake aliitafuna na mmea wake, na kabla ya alasiri alikuwa amelala, miguu imenyooka. Bwana Majani alimlipa mbuzi mwingine. Tangu siku hiyo vijana wa reli hawakuniuliza tena habari za mbuzi wangu.

Nilipaka siku nyingi. Kichwa kiliniuma, mikono ilinichubuka, nikajifunga kitambaa puani kama mwanamke wa Kishihiri. Kurasa za mwanzo za daftari nilifanya kama nilivyoagizwa, alama moja kwa kila namba. Kisha nikachoka. Nilisema moyoni, zote zinapakwa, kuna haja gani ya kuzipigia alama moja moja? Nikashika rula na ile penseli nyekundu, nikavuta mstari mmoja kutoka juu ya ukurasa mpaka chini. Nikafungua ukurasa wa pili, nikavuta mwingine. Bwana Majani naye alikuwa akija na kwenda, akichukua karatasi hii na ile kwenda nayo mezani kwake kuchora maua, akirudisha, akisema neno. Mwisho masanduku yalifungwa, yakatiwa kufuli, na juu ya kufuli akamwagia lakiri na kuipiga muhuri wake. Mimi nikabaki na daftari.

Wiki ile ile mke wangu aliniambia amekosa siku zake. Aliniambia kwa sauti ndogo, amenigeuzia mgongo, anachagua mchele. Nikahesabu, naye akahesabu, hesabu zikakubaliana. Mungu wangu, nilifurahi, na nikaogopa kabla furaha haijafika popote. Siku hiyo hiyo nilimwandikia bibi, barua ya kusomewa na mwalimu wa chuo wa kijijini kwao: tumbo lipo, chimba, tuma kwa gari la moshi. Barua iliondoka kesho yake. Nilisimama stesheni mpaka moshi ukapotea, kama vile kuitazama kungeifanya iende mbio.

Mvua zikaja. Dodoma ilizishangilia, watu walikuwa wamezingoja. Lakini mvua ile ile iliyonywesha mtama wa Wagogo ilikwenda kubomoa njia ya reli huko chini mabondeni, daraja likachukuliwa na maji, na magari ya kutoka pwani yakakoma. Kila siku nilikwenda stesheni. Karani wa stesheni, mtu wa kwetu, mwanzoni alinionea huruma, halafu akachoka na mimi. Alisema hata barua za boma zimelala, sembuse mizizi yako. Kwa miguu mpaka pwani ni safari ya wiki tatu, na tatu za kurudi. Nilizihesabu hizo nazo. Bwana Majani alikuwa amekwenda Kondoa na wapagazi wake, kwenye milima, na funguo zake kiunoni.

Mwezi wa nne wa mimba ulipoanza, mke wangu aliona damu.

Haikuwa nyingi. Alilala, akakatazwa na yule mama kuinuka hata kuchota maji. Mama alileta mzizi wa nchi yake, akauchemsha, akamnywesha kwa mkono wake, na usiseme hakuwa na huruma, maana alikaa pale akiimba kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Damu ilikatika siku mbili. Ya tatu ikarudi. Mama aliniita nje akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba dawa yake inajua matumbo ya hapa, tumbo hili ni geni kwake, na kama tuna ya kwetu tusiikalie. Nikamwambia ya kwetu iko njiani. Akatazama upande wa stesheni, kulikokuwa kimya.

Nilirudi ndani, nikamkuta mke wangu ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Ukuta ule ndio uliotutenga na chumba cha masanduku.

“Mti wa bibi umo humu,” alisema, akaugonga ukuta kwa kiganja. “Uliuchimba wewe, nikikuona.”

Nilimwambia mti ule una sumu. Akasema nivunje kufuli. Nikamwambia si habari ya kufuli, nimeupaka mwenyewe kwa mkono wangu, amesahau yule mbuzi? Akasema mbuzi alikula karatasi nyingine, si ile. Akasema pengine tungeuosha. Akasema pengine mizizi haikupakwa, majani tu ndiyo yaliyopakwa. Akasema bibi mwenyewe aliuachia kwa hiari, na pesa iliachwa shimoni, niliiacha mimi, kwa hiyo tumbo lake labda ndilo lililokuwa likilipiwa siku ile bila sisi kujua. Alikuwa ameyawaza yote hayo peke yake akiwa amelala. Sijapata kuombwa na mtu kwa namna ile, wala kabla wala baada, na aliyeomba hakuwa analia.

Nikaenda nikaleta daftari.

Nilimfungulia ukurasa wenyewe. Nikamwonyesha namba ya mti wa bibi, na maneno niliyoyaandika mbele yake kwa mwandiko wangu uliosifiwa: nyuma ya nyumba, udongo wa mchanga, wenyeji hunywa mzizi kushika mimba. Nikamwonyesha safu ya dawa na ule mstari mwekundu. Hakujua kusoma, lakini mstari si kitu cha kusomewa. Aliufuata kwa kidole kutoka juu ya ukurasa, polepole, mpaka usawa wa namba ile, na mstari ukapita, ukaenda zake chini. Akatoa kidole.

“Basi,” alisema. “Imeandikwa.”

Akalala, akageuza uso ukutani. Na mimi nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipofunga daftari nilipumua. Niliona afueni. Kwa maana tangu aliposema vunja kufuli, mgongo wa mpishi ulikuwa umesimama mbele yangu, na muhuri wa Bwana Majani juu ya lakiri, na njia ya kwenda bomani. Sijui kama ningevunja. Wallahi sijui. Ule mstari ulinitua mzigo, nikaweza kukataa nisionekane mwoga. Sumu ni sumu, nani atanilaumu? Ningetaka kuandika kwamba nilikuwa nikimlinda mke wangu tu. Nilikuwa nikimlinda, ni kweli. Nilikuwa najilinda pia.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa sita mchana, jua likiwa utosini na watoto wa jirani wanacheza nje, ilitoka. Yule mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa uani, na nilichokisikia sitakieleza. Mama alitoka na kitu kidogo kimefungwa katika kipande cha kaniki, akanipa mikononi, akasema kwa Kigogo neno ambalo sikulielewa wala sikuuliza. Nilichimba nyuma ya nyumba. Nilichimba kwa lile jembe dogo la Bwana Majani, kwa kuwa ndilo jembe lililokuwapo.

Siku nane baadaye gari la moshi la kwanza liliingia. Watu walilikimbilia kwa vigelegele. Karani wa stesheni alinipa kifurushi mwenyewe, hakunitazama usoni. Ndani ya kipande cha kanga kuukuu ulikuwamo mzizi, umeoshwa, umekatwa vipande, na barua kwa mkono wa yule mwalimu: bibi anakusalimu mke mwenzake, amechimba siku aliyosomewa barua, amekutaja wewe na mama yako, ameacha pesa, anza leo. Kilikuwa kimelala stesheni ya huko mabondeni, upande wa pili wa daraja lililobomoka, siku zote zile nilizokuwa nikimsumbua yule karani. Nilimpelekea mke wangu, maana sikujua kitu kingine cha kufanya nacho. Aliunusa. Akasema umechimbwa kwa tumbo ambalo halipo. Kisha akauweka kwenye moto, kipande kwa kipande, akapikia uji. Nami niliunywa ule uji, kwa sababu alinipa.

Bwana Majani alirudi kutoka Kondoa ameungua pua, na furaha ya kupata mimea mipya. Aliposikia habari zetu alisema pole, na alisema kwa dhati, akanipa siku mbili nisifanye kazi. Sikuzitaka. Akavunja lakiri, akafungua masanduku ya pwani, tukaanza kunakili vikaratasi ili mizigo iende bandarini. Yeye alikuwa mezani, mimi nikimpa karatasi moja moja, nikitazama pembe kama kuna msalaba, nikitaja namba. Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Msalaba, namba. Msalaba, namba.

Nikaushika mti wa bibi. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyoukumbuka, maua yake bado yana rangi ya manjano, mizizi imetandazwa kama nilivyoitandaza mwenyewe, mizima, minene. Pembe ya karatasi ilikuwa nyeupe. Nikaigeuza. Nyuma nako kulikuwa kweupe. Nikauinamia nikaunusa, na ulinuka nyasi kavu, ulinuka nyuma ya nyumba ya bibi. Haukuwa na harufu ya dawa hata kidogo.

“Bwana, hii haina msalaba,” nilisema.

“Hiyo haikupakwa dawa,” alisema, hakuinua kichwa. “Nilitaka kuchora ua kwanza, dawa hufifisha rangi. Nilikwambia uiachie nafasi daftarini.”

Na ni kweli aliniambia. Ilinirudia yote pale pale: amesimama mlangoni na ile karatasi mkononi, akisema hii bado, niachie nafasi yake, na mimi nikijibu ndiyo bwana, rula mkononi, kitambaa puani, nikitamani siku iishe. Ndiyo bwana. Kisha nikavuta mstari. Nafasi aliyoitaka ilikuwa upana wa ukucha, na sikuiacha.

Aliuliza kama nina homa. Nikasema hapana. Akasukuma chupa yenye fuvu na brashi upande wangu, akasema haya, ipake sasa, nimekwisha chora. Nikaipaka. Nilipaka majani, nikapaka shina, nikapaka mizizi, kila uzi wa mzizi, sikuruka hata mmoja. Nikachukua penseli nyekundu nikaweka msalaba kwenye pembe. Kwa hiyo daftari likawa sahihi, na liko sahihi mpaka leo kama halikuungua huko Ulaya lilikokwenda. Atakayelifungua atakuta mstari, na kwenye karatasi atakuta msalaba, vinakubaliana. Siku vilipowekwa haimo.

Masanduku yalipotoka nyumbani kwenda stesheni, mke wangu alikuja kusimama mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu siku ile. Wapagazi walikuwa wakiyainua. Alisimama karibu nami akayatazama yakipita.

“Mti wa bibi umo?” aliuliza.

“Umo.”

“Una dawa?”

“Una dawa,” nilisema, na sikusema uongo. “Nimeupaka kwa mkono wangu.”

Aliyafuata kwa macho mpaka sanduku la mwisho likapita. Kisha akanishika mkono, mbele ya wapagazi, jambo ambalo wake za watu hawakulifanya siku zile.

“Nilikukasirikia,” alisema. “Nisamehe. Ningekunywa ningekufa, na ungekuwa umezika wawili. Mungu alikupa moyo mgumu ili uniokoe. Asante, mume wangu.”

Hapo ndipo pa kusema. Kama kuna mahali pa kusema, ni hapo, na mdomo ulifunguka, na mpagazi mmoja akanikanyaga akaomba radhi, nikamwambia si kitu. Nikaufunga mdomo. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, kumwambia ni kumwagia mengine. Huo ni msemo mzuri kwa mwoga.

Mwaka uliofuata alipokosa siku zake sikungoja barua. Nilimpandisha gari la moshi wiki ile ile, akakaa kwa bibi, bibi akachimba, akamtaja, akaacha pesa. Akanywa kila asubuhi. Akajifungua msichana mwenye sauti kama baragumu. Mwenye kutaka kusema ni bahati tu, na aseme. Nimewasikia watu waliosoma kuliko mimi wakisema hivyo, na nimetamani maneno yao yawe kweli. Kila nilipomtazama yule mtoto akitambaa, nilikuwa namtazama pia ambaye angekuwa mkubwa wake.

Na mke wangu aliisimulia habari ile maisha yake yote. Aliisimulia harusini, aliisimulia matangani, aliwasimulia mabibi harusi wakifundwa, iwe funzo la kumsikiliza mume. Alikuwa msimuliaji mzuri. Alionyesha kwa kidole jinsi alivyoufuata mstari. Mimi nilikuwa barazani na wanaume, kikombe cha kahawa mkononi, nikimsikia kutoka ndani akifika pale pale, na wanawake wakisema masha-Allah, mume ndiye huyo. Wanaume wenzangu walinipigapiga begani. Nilijua lini kitafika kile kidole, nami nilikunywa kahawa.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulikuwa tumerudi pwani zamani, na bibi alikuwa chini ya udongo, na nyuma ya nyumba ile walikuwa wamejenga wengine. Asubuhi moja aliniita mimi na binti yetu, akatukalisha pande mbili za kitanda. Akamwambia binti kwamba ana neno moja la kumwachia. Nilijua ni neno gani. Akaisimulia tena yote, kwa pumzi fupi fupi, tembe, mvua, ukuta, daftari. Kidole chake kilitembea juu ya shuka kutoka juu kwenda chini. Binti yangu alikuwa ameisikia mara mia, lakini alisikiliza kama mpya.

“Bila baba yako mimi nisingekuwapo, na wewe usingezaliwa,” mke wangu alisema. “Mshukuru. Nataka nikusikie.”

Binti yangu, mtu mzima mwenye watoto wake, alinigeukia na machozi usoni.

“Asante, baba,” alisema.

Mke wangu alikuwa akinitazama, akingoja nipokee. Nikasema haya, mwanangu. Kisha nikamwekea mke wangu mto wake vizuri.